Chupa ya Mvinyo Mwekundu kwa Zawadi: Anza na Chai Anayokunywa Mwenyewe

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, kijana mmoja alisimama mbele ya rafu za mvinyo katika duka nililokuwa nikiuza Nakuru, akatoa chupa hii, akairudisha, akatoa ile, akairudisha, karibu robo saa nzima. Nilipomkaribia akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kesho naenda kwa kina msichana wangu, Njoro. Nitafutie nyekundu, ile ya bei kidogo, nisiaibike."

Nikamuuliza, "Mzee wa huko hupenda kunywa nini?"

Hakujua.

"Basi chai hunywa ya aina gani?"

Hapo uso ukamchangamka. "Mzee? Chai ya rangi, nyeusi tititi, tena bila sukari. Husema sukari ni ya watoto."

Chupa aliyokuwa ameishika ilikuwa na utepe wa dhahabu shingoni na mvinyo mtamu ndani. Mzee wa namna hiyo angeonja funda moja kwa heshima, kisha glasi ingekaa mezani hadi wageni waondoke. Nikamtolea Cabernet Sauvignon ya Afrika Kusini, isiyo na utepe, ya bei ya chini kuliko ile. Wiki mbili baadaye alirudi kutafuta nyingine kama hiyo, maana mzee alikuwa ameuliza jina lake.

Nimeuza mvinyo miaka sita, minne Nakuru na miwili hapa Kisumu ninakoishi sasa, na karibu kila mtu aliyekuja kununua zawadi alianza na swali moja: "Ipi nzuri?" Swali hilo halina jibu mpaka nijue nani atakunywa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mtu, na chupa itafuata.

Hatua ya kwanza: hakikisha anakunywa

Fanya hili kabla ya kutoa hata shilingi. Huku kwetu tunaishi na Waislamu, na Waadventista wengi, hasa Kisii na upande wa Nyanza, na waumini wa makanisa ya kipentekoste ambao pombe haiingii nyumbani mwao kabisa. Yuko pia aliyekuwa akinywa akaacha kwa shida kubwa, na kumpelekea chupa ni kumrudisha vitani. Yuko anayemeza dawa ambazo daktari amemkataza kuchanganya na kileo, na yuko mama mjamzito. Usikisie. Mpigie simu mkewe, mumewe, au mtoto wake mkubwa, uulize wazi: "Mzee akipewa mvinyo atafurahi?" Ukisikia kigugumizi upande wa pili, nunua asali nzuri au kitenge, na uende kwa amani.

Kwa wakwe kuna jambo la ziada. Katika posa na mahari, vinywaji vina utaratibu wake, na kila jamii ina wake. Kuna nyumba ambako wazee hutaja wenyewe kitakacholetwa, kreti ngapi za soda, ngapi za bia. Chupa ya mvinyo hapo haizibi pengo la kilichotajwa. Muulize mjumbe wako kama inaweza kwenda kama nyongeza, naye atakwambia iende kwa nani na itolewe saa ngapi.

Na mwenye kupokea awe mtu mzima. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya 2010 inakataza kumuuzia au kumpa kileo mtu wa chini ya miaka 18, kwa hiyo usimtume mtoto dukani, wala usimpe mpwa wako wa kidato cha pili aibebe akupelekee kwa jirani.

Hatua ya pili: isome chai yake

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie, kwa sababu kazi yote iko hapa.

Chukua majani ya chai ya Kericho au Nandi, uyachemshe muda mrefu bila maziwa wala sukari, kisha onja. Ulimi unakauka, mashavu yanajikunja kwa ndani, meno yanakuwa kama yamefutwa kwa kitambaa. Huo ndio ukakasi. Ni ule ule wa ndizi mbichi au pera lisiloiva. Unatokana na tanini, na mvinyo mwekundu una tanini kwa sababu hutengenezwa pamoja na maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mweupe hukamuliwa, maganda yakatupwa mapema, ndiyo maana hauna ukakasi huo.

Sasa mtazame mtu wako mezani. Anayekunywa chai ya rangi kavu, au kahawa nyeusi, amezoea ukakasi na uchungu, tena huutafuta. Huyo mpe mvinyo mkavu na mzito. Anayekunywa chai ya maziwa na kijiko kimoja cha sukari anataka kitu laini, mkavu lakini wa matunda mengi na ukakasi kidogo. Anayetia vijiko vitatu vinne, na kwenye sherehe hukimbilia soda kwanza, usimpelekee chupa kavu ukitumaini atajifunza. Mpe mvinyo mtamu. Nasema hivi nikijua kuna watu watakaokunja uso, maana wapo wanaodhani mvinyo mtamu ni wa wasiojua. Zawadi ni ya yule anayeipokea, na utamu unaompendeza ni haki yake.

Neno "mkavu" huwachanganya wengi. Maana yake ni kwamba sukari ya zabibu karibu yote imegeuzwa na hamira kuwa kileo. Mvinyo mkavu unaweza kunukia matunda yaliyoiva, ukakudanganya pua, halafu mdomoni usipate sukari hata chembe. Mtu aliyezoea divai ya mezani pa Bwana kanisani, ambayo katika makanisa mengi ni tamu, akionja mkavu mara ya kwanza hudhani umeharibika.

Kwenye chupa za Afrika Kusini, ambazo ndizo nyingi kwenye rafu zetu, utaona maneno "Natural Sweet". Hayo ni maneno ya kisheria: mvinyo huo una zaidi ya gramu 20 za sukari kwa lita. Piga hesabu: chupa ya mililita 750 ina angalau gramu 15, kama vijiko vinne vidogo vya chai, na mara nyingi huwa zaidi. Nyingi za aina hii zina kileo kidogo pia, asilimia 8 au 9 hivi, wakati mvinyo mkavu mwekundu hufika 13 au 14. Tazama namba hiyo ya asilimia. Hata kama lebo imeandikwa kwa lugha usiyoijua, mwekundu wenye asilimia 8 karibu kila mara ni mtamu, na wenye 14 karibu kila mara ni mkavu.

Hatua ya tatu: chagua zabibu

Zabibu ni kama mahindi au maharage, zina mbegu zake, na kila mbegu ina tabia. Ukijua sita tu, unatosha kuingia duka lolote kutoka Naivasha hadi Busia.

Cabernet Sauvignon ni ile ya mzee wa chai ya rangi. Ganda lake ni nene, kwa hiyo ukakasi ni mwingi, na mvinyo ni mweusi na mzito. Hupendwa na mtu mwenye uhakika wa anachokitaka.

Merlot ni laini zaidi. Ina harufu ya plamu iliyoiva na haikwaruzi ulimi. Nikiwa sijui lolote kuhusu anayepokea isipokuwa kwamba hunywa mvinyo mkavu, mkono wangu huenda kwa Merlot. Sijapata mtu aliyeirudisha akilalamika.

Shiraz, ambayo Wafaransa huiita Syrah, ni zabibu ile ile kwa majina mawili. Ina harufu ya pilipili manga na wakati mwingine kama ya moshi. Ukisikia nyumba unayoenda kutakuwa na mbuzi wa kuchoma, usitafute zaidi.

Pinotage ni mtoto wa Afrika. Mwaka 1925 profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alichanganya mbegu mbili, Pinot Noir na Cinsault, akapata zabibu hii ambayo hata leo hulimwa zaidi Afrika Kusini kuliko mahali pengine popote. Wakati ule Cinsault iliitwa huko Hermitage, ndipo likaja jina Pinotage. Ina ladha ya matunda meusi, na nyingine hunukia kahawa. Kama zawadi ina faida moja kubwa: ina hadithi, na mtu anayependa kueleza wageni kitu kilichoko mezani ataishukuru hadithi hiyo.

Malbec asili yake ni Ufaransa, lakini imepata makao Mendoza, Argentina. Ni nzito bila kuwa kali, rangi yake zambarau iliyokolea. Ni chaguo zuri kwa mtu anayeanza kutoka mvinyo mtamu kuelekea mkavu.

Pinot Noir ni nyepesi, ukiimimina kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Ni ghali ikiwa nzuri, na ya bei rahisi mara nyingi ni maji maji. Mnunulie mwenye kuijua tu.

Ukikutana na Carmenère ya Chile, jua kwamba kwa miaka mingi wakulima wa huko waliilima wakidhani ni Merlot, hadi mtaalamu mmoja kutoka Ufaransa alipoitambua mwaka 1994. Ni nzuri kwa wanaopenda harufu ya pilipili hoho, wengine huiona ngeni.

Na kuna chetu. Leleshwa ni mvinyo wa zabibu zinazolimwa Morendat, karibu na Naivasha, humu humu nchini, kaunti ya Nakuru. Jina limetokana na kile kichaka cha majani ya kijivu chenye harufu ya kafuri unachokiona ukipita Elementaita kuelekea mjini. Watu huuliza kwa mshangao kama kweli zabibu huota karibu na ikweta. Huota kwa sababu ya mwinuko: juu kule, kama mita 2,000, usiku huwa baridi ya kutosha. Kwa mtu anayeishi ughaibuni na amekuja likizo, au mgeni wa ofisi kutoka nje, sioni chupa bora ya kumpa kuliko hii. Mvinyo wa Ufaransa ataupata kwao.

Hatua ya nne: bei

Chupa inapofika rafuni imebeba gharama ambazo hazijali uzuri wake: kioo, lebo, usafiri wa meli hadi Mombasa na lori hadi huku, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, na faida ya mwenye duka. Gharama hizo karibu zinalingana kwa chupa dhaifu na chupa nzuri. Kwa hiyo ukinunua ya chini kabisa, fedha iliyobaki kulipia mvinyo wenyewe ni kidogo mno. Ukipanda ngazi moja, sehemu kubwa ya ile nyongeza inaingia ndani ya chupa. Ukipanda tena na tena, unafika mahali unalipia jina.

Ushauri wangu: angalia bei ya chupa kavu ya chini kabisa dukani, uizidishe mara moja na nusu hadi mara mbili. Hapo ndipo zawadi ya heshima inapoanza kwa mfuko wa kawaida. Kwa bosi anayestaafu, ambapo ofisi imechanga, fikeni mara tatu. Kupita hapo sishauri, ila kama anayepokea anajua mvinyo na mmeulizana.

Hatua ya tano: soma lebo bila kuogopa

Lebo ya mbele hukuambia mambo manne: nani ametengeneza, zabibu gani, wapi, na mwaka gani. Afrika Kusini, ikitajwa zabibu moja, angalau asilimia 85 ya mvinyo lazima iwe ya zabibu hiyo. Tangu 1973 wana mfumo wa kuthibitisha asili, na chupa zilizothibitishwa hubandikwa muhuri mdogo shingoni wenye namba. Mahali panapotajwa pakiwa padogo, ndivyo mvinyo unavyokuwa na utambulisho. "Western Cape" ni jimbo zima. "Stellenbosch" au "Paarl" ni wilaya, na hiyo ninaipenda zaidi kwa zawadi.

Wafaransa huandika mahali na mara nyingi huacha zabibu. Ukiona Bordeaux, ndani mara nyingi ni Merlot na Cabernet zilizochanganywa. Wahispania wa Rioja wana maneno yenye maana ya kisheria: Crianza imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, Reserva mitatu, Gran Reserva mitano, na sehemu ya muda huo iwe ndani ya pipa la mwaloni. Lakini neno "Reserve" kwenye chupa za nchi nyingine nyingi halina sheria nyuma yake. Ni mwenye kiwanda ameamua kuliandika.

Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa mavuno. Hapa kuna imani inayowapotosha watu wengi kuliko zote, kwamba mvinyo kadiri unavyozeeka ndivyo unavyokuwa bora. Mvinyo mwingi mno duniani umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Unaozidi kuwa bora kwa miaka kumi au ishirini ni mchache, ni ghali, na unahitaji mahali baridi na penye giza. Kwa chupa ya bei ya kati, chukua mavuno ya miaka miwili hadi mitano iliyopita. Ukikuta ya miaka tisa imepunguzwa bei, iache.

Maneno ya lebo ya nyuma kwamba kuna salfaiti yasikutishe. Ni kihifadhi kilichoko karibu kwenye kila mvinyo, na hutajwa kwa sababu wapo wachache wanaodhurika nacho, hasa wenye pumu.

Hatua ya sita: kagua chupa yenyewe

Mtu hununua nyanya akizigeuza moja moja, lakini chupa ya mara ishirini ya bei hiyo anaibeba bila kuitazama. Igeuze.

Anza na stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato. Pakua programu ya Soma Label kwenye simu, uielekeze kwenye stempu, itakuonyesha kama bidhaa ni halali. Dakika moja tu. Pombe bandia zimeua watu nchi hii, na mwenye duka mwaminifu hatakasirika ukikagua mbele yake. Tafuta pia alama ya KEBS, shirika la viwango, ya bidhaa zilizoagizwa kutoka nje.

Kisha inyanyue kwenye mwanga. Mvinyo ufike shingoni. Ukiwa umeshuka hadi mabegani, hewa imeingia. Pitisha kidole juu ya kizibo: kikiwa kimetokeza, au kuna michirizi ya kunata chini ya kifuniko, chupa hiyo imepikwa na joto, mvinyo ukafura ukasukuma kizibo. Ikiwa imesimama dirishani jua likiipiga, au chini kabisa ya taa kali, muombe muuzaji akutolee nyingine kutoka kwenye katoni. Hapa Kisumu naomba hivyo kila mara.

Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya unyonge. Karibu mvinyo wote wa New Zealand hufungwa hivyo, hata wa bei ya juu, kwa sababu kizibo cha gome wakati mwingine huleta harufu ya katoni iliyolowa. Kwa zawadi mimi huamua kwa kuangalia nyumba: kama najua hawana kizibuo, nachukua ya kuzungusha. Nimeona wazee wakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, mvinyo ukaruka hadi kwenye vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono, na mama wa nyumba akikimbilia chumvi jikoni. Ama sivyo, nunua kizibuo ukiambatanishe.

Hatua ya saba: joto la njiani

Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumbani". Chumba hicho ni cha Ulaya, cha zamani, chenye kuta za mawe, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Milimani au Nyalenda hapa Kisumu saa nane mchana, joto likikaribia nyuzi 30, si hicho. Kwa joto hilo kileo kinapanda puani, matunda yanapotea, na mvinyo mzuri unaonekana mkali bure. Kwa hiyo Kisumu, Busia, Homa Bay, ingiza chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua, au saa nzima kama ilikuwa na joto sana. Nakuru mjini, mita 1,850 juu, jioni ya Julai hukuhitaji friji kabisa.

Kinachoharibu zaidi ni gari. Gari lililofungwa juani linakuwa tanuri. Ukiinunua asubuhi ukaiacha kwenye buti hadi saa kumi, unapeleka mvinyo uliochemka. Inunue ukiwa njiani kuelekea huko, au izungushie gazeti lenye unyevu kisha taulo, uiweke chini miguuni mwa abiria. Kwenye matatu ibebe mapajani. Kwenye boda iwe ndani ya mkoba mgongoni, iliyosokotwa ndani ya sweta, kwa sababu kamba za nyuma zinavunja.

Chakula kitakachokuwa mezani

Hii hatua si ya lazima, ila ukijua menyu, itumie. Mafuta na protini ya nyama hulainisha tanini, ndiyo maana Shiraz na Cabernet hupendeza sana na mbuzi choma. Kuku wa kienyeji wa mchuzi, ile ingokho ya Kakamega na Vihiga, anataka Merlot au Pinotage.

Samaki ndiye mgumu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huleta ladha mbaya inayobaki mdomoni kama umelamba sarafu. Ukialikwa Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, kula ngege, yaani tilapia, peleka Pinot Noir iliyopozwa vizuri, au siku hiyo vunja mpango na ununue mvinyo mweupe. Mboga chungu kama osuga huongeza uchungu wa mvinyo mkavu, na pilipili kali huwashwa zaidi na kileo, hivyo meza yenye kachumbari ya moto inataka mvinyo wenye asilimia ndogo au utamu kidogo.

Hatua ya mwisho: kuikabidhi

Mfuko wa karatasi wa rangi moja unatosha. Ondoa bei. Usiitie kwenye mfuko wa duka wenye jina kubwa. Chupa moja hujaza glasi tano tu za kiasi, kwa hiyo kama sebule ina wazee kumi, usiitoe mbele ya wote kisha mwenye nyumba akaingia kwenye mtihani wa kugawa. Mpe faraghani, kwa mikono miwili, ukimwambia ni yake na mama. Asipoifungua siku hiyo, usiulize.

Lakini mwambie aifungue lini. Hili nimejifunza kwa baba yangu. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilimpelekea chupa ya Merlot. Aliifuta vumbi kwa leso, akaisimamisha kwenye kabati la vioo, kati ya chupa ya chai ya wageni na kombe alilopewa na kwaya. Kila mgeni alionyeshwa. Ilikaa pale miaka saba, imesimama wima, kizibo kikakauka, jua la saa kumi likiipiga kila siku. Akaifungua siku ya harusi ya kaka yangu. Ulimiminika wa kahawia, unanuka siki. Baba akanywa funda, akaweka glasi chini polepole, akaniambia, "Ni nzuri, mwanangu." Kisha akamimina glasi ya mama nusu, ya kwake nusu, na wakanywa.

Tangu hapo kila chupa ninayoitoa inaenda na kadi. Naandika jina la anayepokea, sababu ya zawadi, na maneno haya: "Hii si ya kabati. Ilazwe mahali penye giza, ifunguliwe kabla ya Krismasi." Nikijua ina kizibo naongeza kwamba ilazwe ubavu ili kizibo kibaki na unyevu. Chini kabisa, kwa wino mwingine, naandika kwamba ikibaki, ifungwe na irudi kwenye friji, itanyweka siku tatu zaidi, na baada ya hapo imiminwe kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe, glasi moja, vitunguu vikishakuwa vya kahawia, kabla ya nyanya.